Albamu sita za Living Colour, kuanzia Vivid hadi Shade: uzoefu wangu

Vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaujua wimbo mmoja wa bendi hii bila kuijua bendi yenyewe. Ni ule anaoingia nao CM Punk ulingoni kwenye mieleka ya WWE, na ndio huohuo uliokuwa ukisikika kwenye Radio X, stesheni ya redio iliyo ndani ya gemu la San Andreas, enzi zile tulipokuwa tukilipia zamu kwenye vibanda vya pleistesheni. Unaitwa Cult of Personality, na waliourekodi ni Living Colour, Waamerika weusi wanne kutoka New York wanaopiga roki nzito. Nimezisikiliza albamu zao zote sita za studio kwa mpangilio wa miaka, moja baada ya nyingine. Nayaandika haya kwa ajili ya yule aliyeishia kwenye wimbo huo mmoja, maana anakosa mengi.

Kwanza niseme nilivyosikiliza, kwa sababu kwa muziki huu jambo hilo lina uzito. Nilianza na programu ya muziki kwenye simu, nikizishusha nyimbo usiku kwa bando la usiku. Baadaye nikaagiza CD za Vivid na Time's Up kupitia shangazi yangu anayeishi Uingereza. Kwenye spika ya simu bendi hii inapotea kabisa: unasikia gitaa likipiga kelele na mwimbaji akipaza sauti, basi. Besi haipo, na besi ndiyo nusu ya kazi yao. Vaa hedifoni zinazofunika masikio, au unganisha kwenye redio yenye spika za maana, ndipo utawasikia watu wanne na si fujo moja.

Mwanzilishi ni Vernon Reid, mpiga solo, aliyezaliwa London mwaka 1958 kwa wazazi kutoka visiwa vya Karibi na kukulia Brooklyn. Kabla ya bendi hii alikuwa akipiga jazi na kundi la mpiga dramu Ronald Shannon Jackson, jazi ile ngumu isiyokuwa na adabu ya kukaa kwenye mstari. Living Colour aliianzisha mwaka 1984. Ukuta uliomkabili ulikuwa huu: kampuni za muziki hazikuona soko la watu weusi wanaopiga roki. Mtu mweusi alitegemewa aimbe soul, funk au rap. Na hii ndiyo nchi ya Chuck Berry, Little Richard na Jimi Hendrix! Watu weusi ndio waliousimamisha muziki huu, halafu wajukuu zao wakaambiwa mlango si wenu. Mwaka 1985 Reid, pamoja na mwandishi Greg Tate na Konda Mason, wakaunda Black Rock Coalition, umoja wa kuwatetea wanamuziki weusi waliotaka kupiga wanachotaka. Ukiijua habari hiyo, utaelewa kwa nini nyimbo zao zina hasira yenye hoja.

Safu iliyorekodi ilikuwa Corey Glover kwenye sauti, Muzz Skillings kwenye besi, na Will Calhoun, aliyesomea muziki chuo cha Berklee, kwenye dramu. Walikuwa wakipiga CBGB, klabu ndogo ya Manhattan, na huko ndiko Mick Jagger wa Rolling Stones alikowaona. Akawasimamia kurekodi nyimbo mbili za majaribio, na baada ya hapo kampuni ya Epic ikawasaini. Linaniumiza kidogo hilo, kwamba ilibidi Mwingereza mzungu awashike mkono ndipo milango ya kwao ifunguke, lakini ndivyo ilivyokuwa, na Jagger anastahili shukrani.

Vivid ilitoka Mei 1988 chini ya mtayarishaji Ed Stasium. Cult of Personality ndio wimbo wa kwanza kabisa. Inaanza sauti ya Malcolm X, mtetezi wa haki za Waamerika weusi, akisema anataka kuzungumza kwa lugha ambayo kila mtu ataielewa, kisha gitaa linashusha lile pigo lake zito, kavu. Sikiliza maneno safari hii, usisikilize gitaa tu. Glover anawaweka Mussolini na Kennedy, Stalin na Gandhi kwenye mizani moja, kwa hoja kwamba mvuto wa kiongozi ni mvuto tu, uwe wa mwema au wa katili. Kwa sisi tuliokulia chini ya picha za viongozi ukutani, kuanzia dukani hadi darasani, hoja hiyo haihitaji mkalimani. Halafu linakuja solo la Reid. Linakimbia, linateleza nje ya ufunguo, linarudi, na kila nikilirudia nasikia noti ambayo sikuwa nimeiona. Mwishoni inasikika sauti ya Rais Roosevelt wa Marekani na ile kauli yake kwamba cha kuogopa ni hofu yenyewe tu. Wenyewe wamesimulia kwamba wimbo ulipatikana katika kikao kimoja cha mazoezi.

Albamu ilipanda hadi nafasi ya 6 kwenye chati ya Billboard ya Marekani, na Cult of Personality ukafika nafasi ya 13. Tuzo ya Grammy ya roki nzito ilipotenganishwa na ya metali mwaka 1990, waliochukua ya kwanza walikuwa hawa.

Ila wimbo ninaourudia zaidi kwenye Vivid ni Open Letter (to a Landlord), ambao mshairi Tracie Morris alishiriki kuuandika. Ni barua kwa mwenye nyumba anayeacha mtaa uoze ili apate sababu ya kuwafukuza waliopanga. Glover anaanza taratibu, sauti ya kanisani hasa, gitaa likiwa nyuma linadondosha noti mojamoja. Kisha bendi yote inaangukia ndani na sauti ile inageuka kuwa kilio cha mtu aliyewekewa mizigo yake nje. Nimepanga vyumba, najua maana ya kugongewa mlango kwa ajili ya kodi, na sijawahi kusikia roki ikilisema jambo hilo kwa heshima kama hii.

Dosari ya Vivid ni sauti ya miaka ya 80. Dramu zina mwangwi mwingi, zinasikika kama zimepigwa ukumbini pasipo na watu, na besi ya Skillings imesukumwa nyuma. Glamour Boys ni wimbo mwepesi wa kuchangamsha, naupita haraka. Funny Vibe, wanamosikika Chuck D na Flavor Flav wa kundi la rap la Public Enemy, usiuruke: unahusu mtu mweusi anayeogopwa mtaani kabla hajafanya lolote.

Mwaka 1989 Rolling Stones wakawachukua kufungua maonyesho yao Marekani. Walipofika Los Angeles mwezi Oktoba, bendi ya roki ya Guns N' Roses nayo ilikuwa kwenye orodha hiyohiyo, ikiwa imetoa wimbo wenye matusi dhidi ya watu weusi na wahamiaji. Reid hakunyamaza. Alisema jukwaani, mbele ya uwanja uliojaa mashabiki ambao wengi hawakuja kwa ajili yake, kwamba maneno yale hayakubaliki. Bendi mpya, yenye albamu moja, ingeweza kupiga nyimbo zake na kushuka. Tangu nilipojua habari hiyo, nawasikiliza kwa sikio jingine.

Sasa nifike kwenye albamu ambayo kwangu ndiyo kilele: Time's Up, ya Agosti 1990. Kama una pesa ya albamu moja tu, nunua hii, acha Vivid kwa baadaye. Sauti imekaa vizuri zaidi, besi imesogea mbele, na woga wa kumpendeza mtu yeyote umekwisha. Wimbo wenye jina la albamu unafumuka kwa kasi ya kutisha, dramu za Calhoun zikipishana na gitaa hadi unajiuliza mikono yao ina mifupa gani. Dakika chache baadaye unakutana na Love Rears Its Ugly Head, mwendo wa polepole wa kifunk kuhusu mwanamume anayeogopa kupenda. Kwenye Elvis Is Dead wanauliza kwa nini sifa zote za roki alipewa mzungu mmoja, Elvis Presley, na wamemwalika Little Richard mwenyewe aje atoe ushahidi, huku Maceo Parker, yule wa bendi ya James Brown, akipuliza saksafoni. Hakuna shahidi bora kuliko Little Richard kwenye kesi hiyo.

Katikati ya yote hayo upo Solace of You. Huu ndio ulionifanya nisimamishe CD na kuurudisha mwanzo. Gitaa la Reid halina ukali hata kidogo. Ni safi, linang'aa, linazunguka juu ya rithimu kwa noti ndogondogo zinazofuatana, kama solo la dansi letu linavyofanya pale waimbaji wanaponyamaza na kuwaachia wacheza dansi uwanja. Aliyekulia kwenye nyumba iliyopigwa Maquis au Sikinde siku za Jumapili atajua anaposikia. Reid hakuiga kwa kubabaisha. Anaacha nafasi, anajibu sauti ya mwimbaji, hagombani nayo. Haikunishangaza baadaye kujua kwamba mtu huyuhuyu ndiye aliyetayarisha albamu ya Papa ya Salif Keita wa Mali, iliyotoka mwaka 1999. Sikio lake kwa Afrika lilikuwa wazi tangu zamani.

Time's Up nayo ilichukua Grammy, mwaka 1991, mwaka wa pili mfululizo. Upungufu wake ni urefu. Nyimbo 15, na baadhi ni vipande vifupi vya maneno ambavyo ukishavisikia mara kadhaa unavipita.

Skillings aliondoka mwaka 1992, na nafasi yake ikachukuliwa na Doug Wimbish, mtu aliyekuwa kwenye bendi ya studio ya Sugarhill, kampuni iliyotoa rekodi za rap za mwanzo kabisa. Mabadiliko hayo unayasikia sekunde za kwanza za Stain, albamu ya 1993. Besi inanguruma, inapotoshwa kwa mitambo hadi inafanana na mashine ya kiwandani. Ni albamu nzito kuliko zote, yenye kiza. Auslander inahusu mgeni asiyetakiwa nchini mwa watu, na nadhani Mwafrika yeyote aliyewahi kupanga foleni ya viza ataupata ujumbe wake. Nothingness ni wa huzuni tupu, umebebwa na besi iliyotulia. Marafiki zangu wanaopenda Vivid hawaipendi Stain. Wanasema haina vibao. Mimi naiweka ya pili baada ya Time's Up, ila siisikilizi asubuhi.

Januari 1995 bendi ikavunjika. Kila mmoja akaenda na njia zake, hadi Desemba 2000 walipopanda tena jukwaa la CBGB, palepale walipoanzia.

Albamu mbili zilizofuata sitazikalia sana. CollideØscope ya 2003 imebeba jeraha la New York baada ya Septemba 11, na wimbo wa Flying, unaohusu mtu aliyenaswa ndani ya yale majengo, unaukamata moyo kwa sababu wameupiga kwa upole. Lakini albamu kwa ujumla imejazwa vitu vingi mno, na kurudia nyimbo za bendi za AC/DC na Beatles hakukuongeza chochote. The Chair in the Doorway ya 2009 ni fupi, imekazwa vizuri zaidi, na Wimbish anapiga kwa raha. Ni ya kusikiliza safarini.

Shade ya Septemba 2017 ndiyo iliyonirudishia imani. Chanzo chake ni onyesho la kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Robert Johnson, mwanablues wa Mississippi, pale ukumbi wa Apollo, Harlem, New York, walipopiga Preachin' Blues. Kutoka hapo wakajenga albamu nzima juu ya blues, wakaweka nyimbo za Robert Johnson, za mwimbaji wa soul Marvin Gaye na za rapa Notorious B.I.G. kwenye sahani moja. Who Shot Ya ya B.I.G. wameigeuza kuwa lalamiko dhidi ya bunduki za Marekani, na imekaa. Glover sauti haijamtoka. Imeingia mikwaruzo, nayo inaifaa blues kuliko ile laini ya ujanani.

Kwa anayetaka kuanza: shusha Time's Up, kisha Stain, kisha Shade, halafu urudi Vivid ukiwa tayari unawajua. Na ukiutafuta Cult of Personality kwenye programu ya muziki, angalia unabonyeza upi. Upo uliorekodiwa upya kwa ajili ya gemu la Guitar Hero III la mwaka 2007, na solo lake si lilelile. Zipo pia rekodi za jukwaani. Zote ni za kwao na zina utamu wake, ila ule wa kwanza ni ule ulio chini ya jina la Vivid, 1988. Huo ndio wa kusikiliza kwanza, na sauti ipandishe.