Fimbo za kupandia Kilimanjaro: chukua ipi, acha ipi

Wengi wakitafuta fimbo za mlima wanawaza kupanda tu, kumbe kazi yake kubwa ni kushuka. Ukipitia njia ya Machame, ukishagusa kilele cha Uhuru mita 5,895 unateremkia njia ya Mweka mpaka getini, kwenye mita kama 1,640, yaani zaidi ya mita elfu nne za mteremko ndani ya siku mbili na mzigo wote unaishia magotini. Kwa hiyo ukiwa dukani usiangalie wepesi kwanza, angalia loki, ile inayobana vipande vya fimbo visiteleze.

Namba moja kwangu ni alumini ya vipande vitatu yenye loki ya klipu, ile unayobana kwa kidole. Unaifungua hata ukiwa na glavu nene usiku wa manane pale juu ya kambi ya Barafu, na ikilegea kuna skrubu ndogo pembeni unakaza safari inaendelea. Halafu alumini ikinasa kati ya mawe mara nyingi inapinda tu, unaweza kumalizia nayo, wakati kaboni ikizidiwa inavunjika kabisa. Jozi ina kama nusu kilo, si mzigo huo.

Ya pili ni zile za kukunja zenye kamba ndani. Zinaingia begini vizuri, na pale ukuta wa mawe wa Barranco unahitaji mikono yote miwili basi unazikunja unazipachika mgongoni. Ila nyingi hazirefuki, au zinarefuka kidogo, kwa hiyo kabla hujalipa hakikisha unaweza kuongeza sentimita 5 hadi 10 za kushukia.

Kaboni naiweka ya tatu, ni nyepesi kweli lakini bei imesimama, inamfaa anayepanda mara kwa mara na anayejua kuitunza.

Zenye loki ya kuzungusha ndo za mwisho. Bei chee sawa, lakini vumbi la kule juu likiingia loki inateleza na fimbo inajifupisha wakati wewe umeiegemea kwenye changarawe, hiyo ni hatari jamani. Kama hela ni ndogo bora ukodi nzuri Moshi, ijaribu hapohapo dukani kwa kuikandamiza chini kwa nguvu zako zote.

Urefu: simama, ncha iwe chini, kiwiko kikunjike pembe mraba. Mshikio wa sponji unazidi wa mpira kwa kunyonya jasho. Mkono uingie kwenye mkanda kutokea chini ndo ushike, hapo mkanda unabeba uzito, vidole vinapumzika. Kwenye theluji funga kisahani kipana juu ya ncha isizame, na nyie mlioko Norwei au Kanada mnaotembea na viatu vya theluji hicho kisahani ni lazima.

Ukirudi chomoa vipande vyote, futa tope, anika vikauke kabisa, na usipake mafuta ndani maana loki haitashika tena.