Loake za mtumba kwenye hewa ya Tanga: uzoefu wangu

Tanga kiatu cha ngozi kinakufa kabatini kuliko kinavyokufa barabarani. Unyevu wa bahari unaingia mpaka chumbani, na kiatu ulichokiweka kwa ajili ya harusi ya ndugu unakikuta kimeota ukungu wa kijivu kabla hata kadi haijafika. Kwa hiyo mtu wa huku akiniuliza kiatu gani cha ngozi anunue, jibu langu halianzi na jina wala bei. Naanza na soli: imeshonwa au imebandikwa?

Jozi ninayoizungumzia hapa ni Loake nyeusi za kufunga kamba, za mtumba, nilizozipata Ngamiani, hapahapa mjini Tanga. Loake ni kampuni ya familia iliyoanza mwaka 1880 mjini Kettering, katika jimbo la Northamptonshire nchini Uingereza, eneo ambalo kushona viatu ni kazi yao ya vizazi na vizazi. Nilizilipia shilingi elfu hamsini na tano baada ya kupatana. Wakati huohuo dukani kulikuwa na viatu vipya, vinang'aa, kwa elfu arobaini. Nilichukua vya zamani, na ningefanya hivyohivyo leo.

Sababu ni hii. Viatu vingi vya ofisini vina soli nyepesi ya povu la poliyurethani iliyobandikwa kwa gundi. Povu hilo linapokaa kwenye joto na unyevu, maji ya hewani yanalivunja kidogo kidogo kutoka ndani. Halihitaji kuvaliwa ili liharibike. Ndiyo maana mtumba mzuri kabisa kwa juu, uliokaa miaka kwenye boksi, ukitembea nao kutoka stendi mpaka posta soli inamomonyoka vipande vipande. Kabla ya kulipa, bonyeza ukingo wa soli kwa kucha. Ikibonyea ikabaki na alama, au ikatoa unga na kunata kidoleni, rudisha kiatu mezani hata kama muuzaji anakupunguzia.

Soli iliyoshonwa ni habari nyingine. Loake zangu zimeshonwa kwa mtindo wa Goodyear, uliopata jina kwa Mmarekani Charles Goodyear wa pili, mtoto wa yule mgunduzi wa kuimarisha mpira kwa joto. Mashine yake ilienea kuanzia miaka ya 1870. Kuna mkanda mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu. Sehemu ya juu inashonwa kwenye mkanda huo, kisha soli nayo inashonwa kwenye mkanda. Soli ikiisha, fundi anakata uzi wa nje, anaitoa, anashona nyingine, na sehemu ya juu haiguswi. Angalia lakini, maana kuna mshono wa kuchorwa kwenye plastiki, wa kupendezesha macho tu. Kunja kiatu uone kama uzi ni uzi kweli, kisha geuza chini utafute njia yake kwenye soli. Mshono ukiuona ndani, pale unapokanyaga, huo ni mtindo mwingine unaoitwa Blake. Si mbaya, ni mwepesi na unakunjika vizuri, ila maji yanapenya haraka zaidi, na masika ya Tanga hayana huruma.

Kuhusu ngozi yenyewe, viatu vilivyouzwa Ulaya vinarahisisha kazi. Sheria yao ya mwaka 1994 inataka kiatu kiwe na alama za kuonyesha kimetengenezwa kwa nini: juu, ndani na chini. Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ni ngozi. Umbo hilohilo likiwa na almasi ndani yake ni ngozi iliyopakwa tabaka juu. Almasi peke yake ni kitu kingine kabisa, mara nyingi plastiki. Alama ikiwa imefutika, bonyeza kwa dole gumba: ngozi nzuri inatoa mikunjo midogo midogo kisha inarudi, wakati ile iliyofunikwa plastiki inabonyea kama mpira. Chungulia pia ukingo uliokatwa, karibu na ulimi, utaona nyuzi za ngozi. Harufu usiitegemee sana; wauzaji wanajua kupulizia.

Saizi nenda kapime alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kwa joto la mchana, na uwe na soksi utakazovaa. Viatu vya Uingereza vina namba zao, saizi 8 inakaribia 42 ya Ulaya, na mara nyingi kuna herufi ya upana pembeni: F ni upana wa kawaida, G ni mpana zaidi. Miguu yetu tuliokulia kwenye ndala huwa imetanuka mbele, kwa hiyo G nenda nayo bila kusita. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea, na vidole vipate nafasi. Usidanganywe kwamba kiatu kitaachia. Upana unaachia kidogo, urefu hauachii.

Sasa matunzo, na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa zao. Usifungie kiatu ndani ya mfuko wa plastiki. Unyevu ulioingia na jasho lako unabaki humo, na ukungu haudai zaidi ya hapo. Mimi nimetoboa mlango wa kabati, viatu nimevifunika kwa mfuko wa kitambaa, na ndani nimeweka vibao vya umbo la mguu alivyonichongea seremala kwa mbao isiyopigwa vanishi, ili inyonye jasho. Anayekosa vibao atumie magazeti, abadilishe yakilowa. Na kiatu kimoja usikivae siku mbili mfululizo. Ngozi inahitaji siku nzima kukauka, na kwa hali ya hewa yetu hiyo siku ni ya lazima.

Ukungu ukitokea, toa viatu nje, vifute kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji, viache kivulini penye upepo. Kivulini, narudia. Jua la saa saba la Tanga linakausha mafuta ya ngozi na ikishapasuka hakuna dawa. Sabuni ya unga nayo iache kwenye nguo.

Jambo la mafuta ya nazi nalisema kwa heshima, maana nyumba nyingi huku ndiyo dawa ya kila kitu. Kwenye kiatu hayafai. Yanatia ngozi weusi wa mabaka, yanashika vumbi, yanachacha na kunuka. Tumia krimu ya viatu kwanza, inayolisha ngozi, iache ikauke, piga brashi ya manyoya. Kiwi ya kopo, ile ya nta, ije mwisho, kidogo sana, kwenye ncha na kisigino tu. Ile dawa ya maji yenye sponji inang'arisha kwa asubuhi moja, halafu inajenga ganda linalopasuka pale kiatu kinapokunjika. Sitaiweka kwenye ngozi niliyoilipia.

Mji huu ni wa baiskeli, na mimi ni mmoja wa wanaoziendesha. Meno ya pedeli yalikuwa yanakula soli ya ngozi katikati, kwa hiyo nikampelekea viatu fundi mmoja mzee anayekaa chini ya mwembe huko Ngamiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiki nani alikushonea?"

Nikamwambia ni mtumba kutoka Uingereza. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mkanda wote, akasema, "Hiki tusikipige misumari. Nitakuwekea mpira mwembamba mbele, kikiisha tunaondoa tunaweka mwingine. Ngozi yako inabaki palepale."

Alinitoza elfu kumi na mbili, kazi safi, na tangu hapo sitelezi tena kwenye vigae vya ofisini, jambo ambalo kwa soli tupu ya ngozi lilikuwa linanisumbua, hasa wakishadeki.

Kasoro zipo. Wiki za mwanzo kiatu kilikuwa kigumu, mpaka tabaka la koki, ile ya vizibo vya chupa, lililo chini ya unyayo lilipojibonyeza kufuata mguu wangu. Ni vizito kuliko vya povu. Na kwa mtu anayevua viatu mara kwa mara, msikitini na kila nyumba anayokaribishwa, kamba zinachosha. Ukianza kukanyaga nyuma ili uingize mguu haraka, kisigino kinavunjika na hakirudi. Ijumaa mimi navaa moka zisizo na kamba, na kijiko cha kuvalia viatu kiko mfukoni siku zote.

Anayetaka kipya badala ya mtumba, kiwanda cha ngozi cha Karanga kule Moshi, kilichozinduliwa 2020, kinatengeneza viatu vya ngozi hapa hapa nchini. Mpe muuzaji maswali yaleyale: soli imeshonwa? Ndani ni ngozi? Upana upo? Na kama kazi yako ni bandarini au soko la samaki, ambako kutwa nzima ni maji ya chumvi, weka pesa hizi pembeni, nunua buti la mpira, na cha ngozi ukivae jioni.