Kupanda Helvellyn na redio ya mkononi au waya wa mawimbi ya mita 20?

Summits on the Air, mpango wa waendesha redio wa ridhaa wanaopanda vilele na kuwasiliana kutoka huko, ulianza Uingereza mwaka 2002; unadai mawasiliano 4 tu na waendesha redio wengine ili upate pointi za kilele. Umeme wa gari hauruhusiwi. Unapanda na mzigo wako mwenyewe.

Helvellyn, mlima wa Uingereza, ina mita 950, na redio ya mkononi ya VHF (masafa ya juu sana) inatosha. Unaita kwenye 145.500 MHz, akijibu mtu mnahamia masafa mengine. Mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo urefu wa mlima ndio antena yako ya pili. Redio yenyewe inaingia mfukoni.

HF, masafa ya chini zaidi yenye mawimbi marefu, ni habari nyingine: mlingoti wa kukunjuka, waya wa mita 10 (nusu ya wimbi la mita 20) uliogawanywa katikati, kamba za kukazia, na upepo mtupu, maana juu kule hakuna mti wa kufungia chochote. Vidole vikifa ganzi, fundo dogo linakuwa kesi. Lakini wati 5 za Morse, zikirudishwa na ionosfera, tabaka la juu la angahewa, zinafika Italia.

Wikendi mimi huchukua ya mkononi. Katikati ya wiki watu wako kazini na VHF inapoa. Hapo nabeba waya.