Mkopo wa Bodi au Ufadhili wa Samia?

Kijana anayetaka kusoma udaktari Muhimbili au uhandisi Mlimani, na ambaye wazazi wake hawana uwezo wa kumlipia ada, huwa na milango miwili ya fedha za umma hapa Tanzania: Ufadhili wa Samia na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, haurejeshwi, lakini hutolewa kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Aliyesoma katika shule isiyo na maabara wala walimu wa fizikia hukosa nafasi hiyo si kwa uvivu, na jambo hili linanisikitisha.

Mkopo wa Bodi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutazama kwanza uhitaji: yatima, mwenye ulemavu, mtoto wa kaya maskini. Hapo ndipo ninapouona kuwa wa haki zaidi, ingawa mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha madeni mwaka hadi mwaka, ilifutwa 2021. Mwenye sifa za ufadhili auchukue. Wengine, ambao ndio wengi, waandae mapema nyaraka za kuthibitisha uhitaji wao.