Baiskeli ya kukodi Moshi mjini: uzoefu wangu

Kwa anayeishi Shanty Town au jirani na hospitali ya KCMC na shughuli zake ziko mjini, baiskeli ya kukodi inafaa sana. Unamwachia mwenye nayo kitambulisho, unalipa kwa saa, na hata ukishinda nayo asubuhi nzima bado hujafikisha nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi.

Cha kukagua kwanza ni breki. Moshi imekaa mteremkoni: kutoka KCMC hadi Mnara wa Saa unashuka karibu njia nzima, pedeli huigusi, na mbele yako daladala inasimama ghafla kuchukua abiria. Ya kwanza niliyopewa, waya wa breki ya mbele ulikuwa umeanza kuchanika nyuzi moja moja pale kwenye mkono, na raba za nyuma zimelika zimebaki chuma. Nilipomwonyesha alinibadilishia palepale bila maneno, na kwa hilo namsifu. Kurudi ni mlima, kwa hiyo chukua yenye gia. Ukiwa na mzigo kwenye karia, shuka usukume, wala si aibu.

Shida kubwa haiko kwa mkodishaji. Ukifika mjini huna pa kuiacha. Niliwahi kuifunga kwenye nguzo mbele ya duka, mwenye duka akaja juu, na ana haki: njia ya miguu ni nyembamba na mama mwenye beseni kichwani anapita hapohapo. Jiji la Paris lilipoanzisha baiskeli za pamoja, Vélib', mwaka 2007, zilikuja na vituo vyake. Lakini skuta za umeme za kukodi za jiji hilohilo, zilizokuwa zikiachwa ovyo njiani, zilikataliwa kwa kura mwaka 2023 na zikaondolewa.

Manispaa yetu imejijengea jina kwa usafi, na faini ya kutupa taka inajulikana hata kwa mgeni anayeshuka stendi. Kwa msimamo huohuo inaweza kuweka vyuma vya kufungia baiskeli stendi, soko la Mbuyuni na karibu na Mnara wa Saa. Naomba sana ianze na hilo kabla ya mengine. Vikiwepo, hata wakodishaji wataweza kugawana vituo, mtu achukue baiskeli KCMC aiache Mbuyuni, asilazimike kupanda nayo mlima kwa sababu tu ya kuirudisha alikoitoa.