Kamera ya basi la shule, nyota nne
Naendesha basi la shule huku Marekani na hii kamera ya ubavuni waliyotufungia naikubali. Nikisimama taa nyekundu za basi zinawaka, kibao cha kusimamisha magari mengine kinafunguka ubavuni, sasa dereva mwingine akijifanya hajaona akapita kamera inamchukua video na pleti namba, faini inamfuata kwa posta, mimi sihangaiki tena kukariri namba ya gari huku macho yangu yako kwa watoto wanaovuka. Hata alfajiri giza bado, pleti inasomeka freshi. Nyota moja naibana sababu faini huku kwetu inaenda kwa mwenye gari hata kama aliyekuwa anaendesha ni shemeji yake, halafu kamera haimzuii mtu pale pale jamani, kwahiyo honi bado naipiga sana tu.