TLD kwa mwenye homa ya ini B: uzoefu wangu tangu 2019

Naishi na VVU, na pia nina homa ya ini B. Kidonge cha TLD (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri ndani ya kimoja) ninachomeza kila siku saa tatu usiku kinayashika magonjwa yote mawili, na mwanzoni hakuna aliyeniambia.

Nilianza dawa mwaka 2012, enzi za nevirapini, mojawapo ya dawa za VVU. Siku 14 za mwanzo unameza mara moja kwa siku, kisha asubuhi na jioni. Wiki ya tano nikaanza kutapika, vipele mwili mzima, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Nikadhani malaria. Kliniki yangu wakanipa dawa ya maumivu nikarudi nyumbani. Dada ndiye aliyenishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlangoni: "Mdogo wangu, macho yako yamekuwa njano!" Mkojo wenyewe ulikuwa kama chai ya rangi.

Hospitali nyingine wakapima ini. ALT, kipimo cha damu kinachopanda ini likiumia, ilikuwa 486, wakati kwa kawaida haitakiwi kuzidi kama 40. Nevirapini ikasimamishwa siku ileile. Daktari akanieleza kwamba mwanamke anayeianza akiwa na CD4 (hesabu ya seli za kinga) zaidi ya 250 yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuumia ini. Yangu ilikuwa 310. Na ukiwa na homa ya ini B au C hatari inazidi. Ndipo wakanipima hiyo B, nikakutwa nayo. Kipimo cha tone la damu, majibu hayakufika nusu saa, na kilipaswa kufanyika kabla sijameza hata kidonge kimoja.

Nikahamishiwa tenofoviri, lamivudini na efavirenzi, na mwaka 2019 nikapewa TLD, yaani efavirenzi ikaondolewa ikaingia dolutegraviri. Ndoto za kutisha za efavirenzi ziliisha wiki hiyohiyo. Dolutegraviri nayo inaweza kupandisha vipimo vya ini kwa wenye homa ya ini, kwa hiyo niliomba nipimwe: baada ya mwezi ALT ilikuwa 71, mwezi wa tatu ikashuka hadi 34, haijapanda tena kwa sababu ya dawa. Kilichonisumbua ni uzito, kilo 8 ndani ya mwaka mmoja. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Lakini 2021 nilifanya kosa ambalo naomba mwenzangu asilifanye. Nilienda kijijini kwenye msiba wa baba na chupa ya vidonge 30, nimeifunga ndani ya kanga ili isilie kwenye begi. Mambo ya mirathi yakanishika karibu miezi minne. Zahanati ilikuwa pale karibu, nikaogopa kuonekana. Nikajiambia VVU vikipanda vitashushwa tu nikirudi. Nilisahau ini. Tenofoviri na lamivudini ndizo zilizokuwa zimewafunga wale virusi vya B. Dawa zilipokata, waliibuka kwa kishindo. Nilirudi mjini nikiwa siwezi kupanda ngazi, ALT imepita 600. Nililazwa siku 11. Kuna wanaofariki kwa hali hiyo, ini linakataa kabisa.

Kwa hiyo ukiwa na B, usiache dawa kwa sababu umesikia zinachoma ini. Ukiona manjano, mkojo mweusi au umepoteza hamu ya kula, wahi kituoni siku hiyohiyo wao ndio waamue. Wakitaka kukubadilishia tenofoviri, labda kwa ajili ya figo, wakumbushe kuhusu B, maana lamivudini peke yake mwishowe virusi vya B huizoea. Na mitishamba ya "kusafisha ini" achana nayo, nimeona wodini ilichofanya.

Mume wangu alipimwa homa ya ini B, hana, akachomwa chanjo zote tatu. Kadi yangu ya CTC, yaani kliniki ya VVU, nimeiandika juu kabisa kwa kalamu nyekundu: HOMA YA INI B. Kila nikikutana na muuguzi mgeni naanza kwa kumwonyesha hapo.